SOMO LA PUNDA MZEE: NI NANI HASA ANAYERUDISHA MATEKE?

Mwaka huu nimeamua kuandika juu ya punda. Najua wengine wenu mmeshaanza kucheka, maanake hapa shuleni mtu akiitwa punda kesi hufika kwa mwalimu wa zamu. Lakini ngojeni kwanza, msifunge ukurasa. Swali langu si la mchezo: mnyama aliyetutumikia miaka kumi na mitano akizeeka, tunapaswa kumfanyia nini?

1. Maana ya maneno

Tuanze na lugha kama ilivyo desturi ya chama chetu. Kuasili ni kumchukua mtoto usiyemzaa na kumlea kama wako. Siku hizi neno hili hutumika hata kwa wanyama: mtu anamchukua mnyama asiye na pa kwenda na kumpa makao. Kustaafu nako ni kuacha kazi kwa sababu ya umri. Mfanyakazi akistaafu hupewa malipo yanayoitwa kiinua mgongo. Hebu litazameni neno hilo vizuri. Ni nani anayestahili kuinuliwa mgongo kuliko yule aliyebebeshwa mizigo mgongoni maisha yake yote? Hata hivyo, punda akistaafu hapati chochote. Mara nyingi hupata barabara tu, yaani hufukuzwa akatafute nyasi kando ya lami.

2. Methali zetu zinasemaje?

Methali ya kwanza ni "Fadhila ya punda ni mateke." Tunaitumia kumsema mtu asiye na shukrani. Ya pili ni "Punda afe mzigo ufike", ambayo hutuhimiza tumalize kazi hata ikiwa ngumu namna gani. Wahenga walikuwa na busara, sikatai. Lakini mkizisoma methali hizi mbili pamoja mtaona jambo la ajabu. Katika ya kwanza punda analaumiwa kwa kukosa shukrani. Katika ya pili yeye ndiye anayekufa ili mzigo wa mwenyewe ufike! Sasa hapo asiye na shukrani ni nani?

Ukweli ni kwamba punda hapigi teke kwa sababu ya roho mbaya. Hupiga akiogopa, akishtushwa kutoka nyuma, au akiguswa mahali penye kidonda. Hata ukaidi wake tunaoutaja kila mara una sababu. Farasi akiona hatari hutoroka mbio. Punda yeye husimama kimya akichunguza kwanza. Mwenye fimbo humwona mkaidi, kumbe mwenzake anafikiri.

3. Punda ni wa hapa hapa

Wengi hudhani punda aliletwa na wageni. Sivyo. Utafiti wa chembe za urithi uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba punda wote wa dunia wanatokana na punda mwitu waliofugwa Afrika Mashariki yapata miaka 7,000 iliyopita. Kutoka huku ndipo walipoenea Misri, Asia na Ulaya. Basi sisi Wakipsigis tunaposema sigiriet, tunamtaja mnyama ambaye bara letu ndilo lililompa ulimwengu.

Katika wilaya zetu za chai kazi zake mnazijua. Kule Chepalungu, upande wa Sigor na Chebunyo ambako mvua ni haba, yeye ndiye bomba la maji. Huku juu kwenye chai hubeba maziwa, kuni, mbolea, na magunia ya majani mabichi hadi kituo cha kupimia. Tufanye hesabu kidogo. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una uzito wa kilo 20. Mitungi minne ni kilo 80. Safari mbili kwa siku ni kilo 160, na kijito kiko chini bondeni huku nyumba iko juu ya kilima. Punda anayetunzwa vizuri anaweza kufikisha miaka 30 na zaidi, lakini wa mizigo wengi hawafiki hapo, maana vidonda, minyoo na kwato mbovu huwamaliza mapema.

4. Kisa cha kwetu nyumbani

Nyumbani kwetu tuko na punda jike mzee. Alinunuliwa kabla sijazaliwa. Maji aliyoteka yaliuzwa kwa wajenzi na kwa hoteli ndogo za sokoni, na pesa hizo ndizo zilizomsomesha ndugu yangu mkubwa mpaka akamaliza kidato cha nne. Baadaye baba alinunua pikipiki, ikawa maziwa na maji yanakwenda kwa pikipiki. Punda akabaki bila kazi. Meno yalikuwa yameisha, na mgongo umebonyea kama kitanda cha kamba kilicholegea.

Mwaka juzi akaja dalali mmoja akitafuta punda. Pesa alizotaja zingelipa karo yangu ya muhula mzima, na wakati huo nilikuwa nimerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo hiyo hiyo. Baba alitaka kukubali. Nyanya yetu, ambaye sisi humwita Kogo, akatoka jikoni akamwuliza, "Mwanangu, huyu amekubebea maji tangu mtoto wako wa kwanza ananyonya. Leo amezeeka unamuuza akachunwe ngozi. Na mimi nikizeeka zaidi, utaniuza kwa nani?" Baba alinyamaza. Dalali akaenda zake. Karo ilipatikana wiki tatu baadaye bonasi ya chai ilipolipwa, nami nikarudi darasani nikiwa nimepitwa na masomo mengi. Sisemi jambo lile lilikuwa rahisi. Nasema tu kwamba lilikuwa na gharama, na gharama ile niliilipa mimi pia.

5. Dalali alikuwa akimpeleka wapi?

Mwaka 2012 sheria ya Kenya iliruhusu punda kuchinjwa kama ng'ombe na mbuzi. Kuanzia mwaka 2016 vichinjio vya punda vikafunguliwa, kwa mfano Mogotio na Naivasha. Kilichotafutwa hasa ni ngozi, ambayo huchemshwa kule Uchina kutengeneza dawa ya kienyeji iitwayo ejiao. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilitoa ripoti mwaka 2019. Ilisema kwamba kutoka Aprili 2016 hadi Desemba 2018 punda 301,977 walichinjwa katika vichinjio hivyo. Ikaonya kwamba mwendo ule ukiendelea, punda wangeweza kwisha nchini kufikia mwaka 2023, kwa sababu punda jike hubeba mimba mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja tu. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8. Ile ya mwaka 2019 ilipata karibu milioni 1.2.

Isitoshe, wezi nao walipata soko. Mama akiamka asubuhi anakuta kamba imekatwa, na mbali kidogo mzoga usio na ngozi. Mwezi wa Februari 2020 waziri wa kilimo wakati huo, Peter Munya, alitangaza kupiga marufuku uchinjaji huo. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitengua marufuku ile. Halafu Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

6. Waliotangulia kuwapa wazee makao

Mfano wa kwanza ni wa farasi. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, jeshi la Uingereza liliwauza farasi wake wengi huko Misri. Mwaka 1930 mama mmoja Mwingereza, Dorothy Brooke, alifika Kairo akawakuta wakivuta mikokoteni, wamekonda na wengine ni vipofu. Mwaka 1931 aliandika barua gazetini kwao kuomba msaada. Katika muda wa miaka mitatu alikuwa amewanunua farasi 5,000 wa vita. Wengi walikuwa wamechoka mno wasiweze kupona, basi aliwalisha, akawapumzisha, kisha wakamalizwa bila maumivu. Mwaka 1934 alifungua hospitali ya bure ya wanyama wa kazi, na shirika lililotokana nayo linafanya kazi hata Kenya.

Mfano wa pili ni wa punda wenyewe. Mwaka 1969 Elisabeth Svendsen alianzisha makao ya punda nchini Uingereza, na mwaka 1987 shirika lake lilifungua kituo mjini Lamu, ambako vichochoro ni vyembamba na punda ndiye gari. Pale punda walitibiwa bila malipo, na waliozeeka wakapata pa kupumzikia. Kwa hiyo jambo hili si ndoto ya Wazungu peke yao. Limefanyika kwenye pwani yetu wenyewe.

7. Jinsi ya kumtunza punda aliyestaafu

(a) Kibanda. Hili ni la kwanza kwetu Kericho na Bomet. Asili ya punda ni nchi kavu, na manyoya yake hayazuii maji kama ya farasi. Mvua yetu ya alasiri na ile ya mawe humwingia mpaka ngozini. Mabati matatu na sakafu isiyo na matope yatosha.

(b) Chakula. Mzee hana meno. Katakata nyasi na mabua vipande vidogo, loweka pumba. Usimshibishe vyakula vinono, maana humletea ugonjwa wa kwato.

(c) Kwato. Zipunguzwe kila baada ya wiki chache. Punda asiyetembea sana kwato zake hurefuka na kupinda kama kiatu cha zamani.

(d) Mwenzi. Punda hushikamana sana na mwenzake. Akiachwa peke yake huzubaa, hata huacha kula. Kama hakuna punda mwingine, mbuzi au ng'ombe hupunguza upweke.

(e) Dawa. Apewe dawa ya minyoo, kupe waondolewe, na daktari wa mifugo aitwe mapema.

8. Hoja za wanaopinga

Wako watakaosema, "Shamba ni robo ekari, lote ni chai. Nyasi zitoke wapi?" Hoja hii ni nzito na siwezi kuipuuza. Njia moja ni majirani wawili au watatu kushirikiana: mmoja atoe kibanda, wengine walete nyasi kwa zamu, na samadi wagawane kwa mboga zao. Wengine watasema, "Binadamu wenyewe wana njaa, mnahangaikia punda?" Nami nawajibu kwamba mtoto anayefundishwa kumtupa aliyezeeka hajui mpaka uko wapi. Leo ni punda, kesho ni nyanya.

Pia tuseme ukweli wote. Punda asiyeweza kusimama tena, na ambaye daktari ameshindwa, si huruma kumwacha ateseke siku kumi ili tuonekane wema. Ni heri daktari ammalize kwa upole. Isitoshe, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumpakia kupita kiasi, na kumfanyisha kazi hali hawezi.

9. Hitimisho

Punda wetu bado yuko. Hatoi maziwa, habebi kitu, na asubuhi hulia kwa sauti mbaya kabisa. Lakini wadogo zangu wanapomkatia nyasi wanajifunza deni ni nini. Kwa maoni yangu, chama chetu kisiifute ile methali ya mateke. Kiiache, lakini mwalimu akiifundisha na aongeze swali hili: kabla ya teke, alitendewa nini?

MASWALI YA MAZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya kuasili, kufuga na kununua.
2. Linganisha "Fadhila ya punda ni mateke" na "Punda afe mzigo ufike". Je, zinapingana?
3. Kwa nini idadi ya punda hupungua haraka wanapochinjwa kwa wingi?
4. Ungekuwa baba katika kisa cha sehemu ya 4, ungeamua nini? Toa sababu mbili.
5. Mjadala: "Mnyama wa kazi anastahili kiinua mgongo."

MSAMIATI

Dalali – mtu anayetafutia wengine biashara kwa malipo.
Hatamu – kamba ya kumwongozea punda au farasi.
Kwato – ukucha mgumu wa mguu wa mnyama.
Shogi – mfuko wa ukindu wenye pande mbili anaotandikwa punda mgongoni.
Kuchuna – kutoa ngozi ya mnyama.