MTAMBUE MDUDU KABLA YA KUNUNUA DAWA

Mkulima, ukiona majani ya nyanya zako yana mabaka meupe, usikimbilie dukani. Wadudu wanaochimba ndani ya majani ni wa jamii mbalimbali, na dawa imwuayo mmoja yaweza isimdhuru mwingine. Mkulima wa Bagamoyo, Kerege au bonde la Ruvu asiyemjua adui yake hupoteza fedha, na nyanya huoza mbele ya macho yake.

Wachimbaji watatu

1. Kantangaze. Huyu ni nondo wa nyanya, aliyeonekana Tanzania mwaka 2014. Ni mdogo, wa rangi ya kijivu. Kiwavi wake hula nyama ya jani akaacha ngozi tupu, hata pakawa baka pana lenye kinyesi cheusi ndani. Huingia pia katika shina na tunda. Hushambulia bilinganya na mnavu vilevile.

2. Inzi mchimba majani. Njia yake ni nyembamba, imepindapinda kama uzi. Funza wake ni wa manjano, hana miguu, wala haingii katika tunda. Ukipiga dawa kali ovyo, utaua nyigu wadogo wanaomwangamiza, naye atazidi.

3. Nondo wa michungwa. Huchimba majani machanga ya michungwa na milimao. Njia yake hung'aa kama fedha, ina mstari mweusi katikati, na jani hujikunja. Mti mkubwa humstahimili. Miche ya kitaluni ndiyo ya kuangaliwa.

Namna ya kutazama

Chuma jani la nyanya, uliinue kuelekea jua, uone mdudu alipo. Pasua ngozi ya jani polepole kwa ncha ya sindano, umtoe. Kiwavi wa Kantangaze ana kichwa kinachoonekana wazi, mstari mweusi nyuma yake, na miguu. Akiwa hana miguu wala kichwa cha kuonekana, huyo ni funza wa inzi.

Kazi ya wataalamu

Nondo wadogo wa kijivu ni wengi na hufanana sana. Kwa hiyo mtaalamu hapimi kwa rangi peke yake. Hutazama kwa darubini viungo vya uzazi vya nondo, maana kila aina ina vyake. Tena hupima vinasaba, yaani maandishi ya urithi ambayo mzazi humwachia mtoto.

Kantangaze alipewa jina la kitaalamu mwaka 1917 kutokana na nondo wa Peru, akawekwa katika ukoo wa Phthorimaea. Baadaye alihamishwa koo kadhaa, na mwaka 1994 akatiwa katika ukoo wa Tuta. Mwaka 2021 uchunguzi wa maumbile ulimrudisha katika ukoo wa kwanza, pamoja na nondo wa viazi mviringo. Basi ukisoma Tuta absoluta au Phthorimaea absoluta kwenye chupa ya dawa, jua ni mdudu yule yule.

Vinasaba navyo vimesema mengi. Mwaka 2015 vilionyesha kwamba nondo waliovamia nchi za Bahari ya Kati walitoka Chile ya kati. Tena katika nchi nyingi vimeonyesha alama za kuhimili dawa za jamii ya pairethroidi. Ukirudia dawa hiyo moja kila wiki, wanyonge hufa, wenye nguvu hubaki na kuzaa.

Yakupasayo kufanya

(a) Panda miche safi, isiyo na mabaka.
(b) Chuma majani na matunda yaliyoshambuliwa, uyafunge katika mfuko uliozibwa, uuache juani. Usiyatupe kando ya shamba.
(c) Tundika mtego wenye harufu ya nondo jike wa Kantangaze. Harufu hiyo haivuti inzi.
(d) Ukimaliza kuvuna, ng'oa mabaki mara moja. Usipande nyanya wala bilinganya hapo msimu unaofuata, panda mahindi.
(e) Dawa ikilazimu, tumia iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ubadilishe jamii ya dawa.

Ukiwa na shaka, tia viwavi kadhaa katika kichupa cha spiriti. Andika mahali, tarehe na zao, umpelekee Bwana au Bibi Shamba wako. Kichupa hicho ni nafuu kuliko chupa ya dawa isiyofaa.