Mali bila Daftari

Mhariri wa sehemu ya Kiswahili ameniomba niandike somo litakalowafaa wanafunzi walio darasani, na pia sisi wakubwa tuliokwisha kutoka. Nimeona nisishike jambo kubwa nisilolijua, bali niandike juu ya jambo dogo lililonitia hasara mimi mwenyewe. Jambo hilo ni namna ya kutafuta na kupanga faili tunazozipata katika intaneti.

Kazi ya kuleta faili kutoka katika intaneti twaiita kupakua. Sisi watu wa pwani twalijua neno hili tangu utoto: chakula hupakuliwa chunguni, na shehena hupakuliwa chomboni. Mimi nilizaliwa Kisimayu, na nilipokuwa mtoto nilipenda sana kwenda bandarini kutazama majahazi yakipakuliwa. Sikuona hata siku moja nahodha akimwaga magunia ufukoni akaenda zake. Kila gunia lilikuwa na alama yake, karani alikuwa na daftari lake, na mzigo ulikuwa na ghala lake. Lakini sisi wa leo, wenye simu na kompyuta, twapakua usiku na mchana bila alama, bila daftari wala ghala, kisha twashangaa mali ikipotea. Wazee walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

HASARA YANGU

Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilipoanguka na vita vikaenea, Wabajuni wengi walipanda vyombo wakashuka kusini mpaka Kenya. Jamaa zetu nasi tulikuwamo. Mjomba wangu, ambaye alikuwa nahodha wa kisiwa cha Koyama, hakupata kurudi baharini tena. Lakini njia ya bahari ilikaa kichwani mwake kama kitabu.

Mwaka 2019, alipokuwa mzee sana, alianza kunipelekea sauti yake kwa WhatsApp. Alinitajia miamba, mikondo na mahali pa kutia nanga, toka Kisimayu mpaka Ras Kiamboni, na jinsi ya kuingia kila mlango wakati wa kaskazi na wakati wa kusi. Zilikuwa sauti kumi na moja. Akaniambia, "Mwanangu, mambo ya kuandika siyawezi. Wewe umesoma, niwekee." Nikamjibu, "Nimeweka, Mjomba."

Sauti hizo ziliingia katika simu yangu kwa majina ya mashine, kama PTT-20190412-WA0003, katikati ya mamia ya sauti nyingine za salamu, za biashara na za mizaha. Sikubadili jina hata moja. Baada ya miezi kadhaa simu ikaniambia kuwa nafasi imekwisha. Nikaifungua folda ya sauti, nikaona majina yanayofanana yote, nikafuta yote ya zamani kwa mara moja.

Mjomba alipofariki, wajukuu zake walinijia matangani wakaniomba wazisikie. Nilitafuta simuni, nikatafuta kompyutani, nisione kitu. Hapo ndipo nilipofahamu kuwa nilimwambia mzee nimeweka, na kumbe nilikuwa nimeacha tu. Kuweka na kuacha ni mambo mawili.

Kwa bahati, ndugu yetu mmoja aliyeko Uingereza alikuwa nazo saba, maana nilipata kumpelekea. Nne hazikuonekana, nazo ndizo za kutoka Chovai kwenda kusini. Basi katika nyumba yetu leo njia ya bahari yajulikana mpaka Ngumi, ikafika hapo ikakatika. Tangu siku hiyo nilijifunza haya ninayowaeleza sasa.

KWANZA: KUTAFUTA

Mtu akitaka kupata habari za kwao katika intaneti, aanze kwa kujiuliza: kitu hiki kimepata kuandikwa kwa majina mangapi? Mashine haina akili ya kukisia. Hutafuta zaidi zile herufi ulizozitia. Tazameni mji wetu. Sisi twasema Kisimayu. Waingereza waliandika Kismayu, na siku hizi Kismayo. Wasomali, ambao lugha yao ilipewa rasmi maandishi ya Kilatini mwaka 1972, huandika Kismaayo, maana irabu ndefu huandikwa mara mbili. Waitalia nao waliandika Chisimaio, maana katika lugha yao sauti ya "k" mbele ya "i" huandikwa "ch", na sauti yetu ya "ch" huandikwa "ci". Kwa kanuni hiyo hiyo Koyama ikawa Coiama, Chula ikawa Ciula, na mto Juba ukawa Giuba.

Lugha yetu wenyewe pia huzidisha majina. Katika Kibajuni, penye "t" ya Kiswahili cha kawaida mara nyingi husikika "ch". Mtu ni mchu. Kwa hiyo kisiwa cha Chula utakiona mahali pengine kimeandikwa Tula. Asiyejua hivyo atasema hapana habari za Chula, kumbe zipo, ila zimevaa kanzu nyingine.

Baada ya jina, tazama mwaka. Nchi ya Jubaland pamoja na Kisimayu na visiwa ilikuwa chini ya Waingereza mpaka mwaka 1925, ndipo walipoikabidhi Italia. Kwa hiyo habari za kabla ya hapo zitafute kwa Kiingereza, pamoja na habari za Kenya. Na za baada ya hapo zitafute kwa Kiitalia. J. A. G. Elliot aliandika kwa Kiingereza safari yake ya visiwani, ikatoka katika jarida la African Society mwaka 1925 na 1926. Lakini kitabu kikubwa cha Vinigi Grottanelli juu ya wavuvi wetu, kilichopigwa chapa mwaka 1955, ni cha Kiitalia, na Wabajuni humo ni "Bagiuni". Ukitafuta kwa neno Bajuni peke yake, huenda kikakupita ubavuni usikione.

Yafaa pia kujua hila tatu ndogo. Maneno yaliyofuatana yafunge kwa alama za usemi, upate maneno hayo kwa taratibu hiyo hiyo. Ukitaka makala na vitabu tu, ongeza filetype:pdf mwisho wa maneno yako. Mashine kubwa za kutafutia zaifahamu alama hii. Tena kumbuka kuwa vitabu vingi vya zamani vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Picha ya neno si neno; kama kitabu hakikusomwa na programu ya kugeuza picha kuwa maandishi, mashine haitaona kitu ndani yake, na hapana budi ufunue kurasa kwa macho yako.

Wala msidhani kuwa juu ya nchi yetu ndogo hakuna kitu. Derek Nurse, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Memorial, Newfoundland, nchini Canada, alikusanya maneno na masimulizi ya Kibajuni kwa miaka mingi, akayaweka katika intaneti watu wayasome. Ni ajabu kwamba mtoto wa Kibajuni aliyezaliwa Mombasa aweza kujifunza neno la bibi yake kutoka nchi ya theluji.

PILI: KUPA JINA

Faili ikiisha kupakuliwa huingia katika folda ya vipakuliwa. Folda hiyo ni ufuo, si ghala. Kitu kikiachwa ufukoni maji yakijaa hukichukua. Ukipakua faili moja mara mbili, mashine huongeza (1), kisha (2), na mwisho hujui ipi ni ipi. Basi kabla hujaitia mahali pake, ipe jina.

Jina jema lina mambo matatu: wakati, mwenyewe, na habari. Andika mwaka kwanza kwa tarakimu nne, kisha mwezi, kisha siku. Ukifanya hivyo faili zitajipanga zenyewe toka ya kale mpaka ya leo. Ukianza na siku, tarehe 12 Aprili 2019 itakaa kando ya tarehe 12 Machi 1998, na mambo yatavurugika. Makala ya Elliot mimi nimeiita 1925-Elliot-Visiwa-vya-Wabajuni. Sauti ya kwanza ya Mjomba iliyopatikana sasa yaitwa 2019-04-12-Mjomba-Miamba-ya-Koyama-01. Hata mtu asiyenijua akiliona jina hilo ataelewa, tena hataifuta kwa kudhani ni salamu.

Angalieni ile 01. Ukiandika 1, 2, 3 mpaka 11, mashine nyingine zitaweka 10 na 11 mbele ya 2. Ukianza na 01 kosa hilo haliwi. Wala usiguse herufi za mwisho baada ya nukta, kama pdf au mp3. Hizo ndizo zinazoiambia mashine ni faili ya namna gani.

TATU: GHALA NA DAFTARI

Folda zisiwe nyingi mno. Mwanzoni nilifanya folda arobaini, moja ndani ya nyingine, ikawa kutafuta faili ni kama kutafuta sindano katika jahazi lililojaa mikoko. Sasa nina saba tu, nazo nimezipanga kama msafiri ashukaye kutoka kaskazini: 00 Pwani Nzima, 01 Kisimayu, 02 Koyama, 03 Ngumi, 04 Chovai, 05 Chula, 06 Ras Kiamboni. Ninyi mwaweza kupanga kwa masomo au kwa miaka. Jambo kubwa ni kuwa na kanuni moja na kuifuata. Kila Jumamosi asubuhi naufagia ufuo: kila kilichomo katika vipakuliwa hupewa jina na kuingizwa ghalani, au hufutwa.

Kisha nina daftari. Langu ni la karatasi, ingawa la kompyuta pia lafaa. Kila faili ya maana ina mstari mmoja: jina lake, ilikotoka, siku niliyoipata, mwenye kazi hiyo ni nani, na maneno machache juu ya yaliyomo. Msidharau "ilikotoka". Kurasa za intaneti hufa kama watu, na mwalimu akikuuliza habari hizi umezitoa wapi, huwezi kumjibu "katika simu yangu". Andikeni pia kama mwenyewe ameruhusu kugawa. Sauti ya mzee ni amana. Kuna aliyoyasema kwa watu wote, na kuna aliyoyasema kwa jamaa zake tu.

NNE: NAKALA

Kanuni ya watunzaji ni hii: uwe na nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja iwe nyumba nyingine au mji mwingine. Simu huibiwa, kompyuta huungua, diski huanguka, lakini si rahisi vyote viharibike siku moja. Hiki kilichotuokolea zile sauti saba hakikuwa busara yangu; ilikuwa ni kwamba nakala zilikuwa mbali nami. Tena mara mbili kwa mwaka zifungueni nakala zenu mzisikilize na kuzisoma. Nakala isiyofunguka si nakala.

MWISHO

Wanafunzi, huenda mkasema: sisi hatuna nahodha wala visiwa, tuna maswali ya mitihani ya zamani na picha za michezo tu. Ndiyo, lakini mkono uliozoea kupanga vitu vidogo hautatetemeka siku utakapopewa kitu kikubwa. Mimi nilipewa kitu kikubwa, nami nilikuwa sijazoea.

Nanyi wakubwa wenzangu mlioko Mombasa, Lamu, Uingereza na kwingineko: ikiwa yuko nyumbani kwenu mzee aijuaye njia kutoka Chovai mpaka Chula na Ras Kiamboni, mwendeeni wiki hii, si mwezi ujao. Mwombeni aseme, mwulizeni kama jamaa wengine wamepewa ruhusa, kisha ipeni sauti yake jina siku ile ile kabla ya kulala.

ZOEZI

1. Andika majina yote unayoyajua ya mji wako au kijiji chako, kama yalivyoandikwa zamani na sasa. Yatumie kutafuta habari moja ambayo hukuipata kwa jina la kawaida.

2. Zipange faili hizi kwa majina mapya yaliyo bora: "download(3).pdf", iliyo makala ya mwaka 1969, "IMG_0042.jpg", iliyo picha ya babu yako ya tarehe 5 Juni 1978, na "sauti mpya.mp3", uliyoirekodi leo.

3. Chagua faili moja ambayo ikipotea hutaweza kuipata tena. Nakala zake ziko ngapi, na ziko wapi? Ikiwa jibu ni moja, weka kalamu chini sasa hivi ukafanye ya pili.