Kutoa Pikapu Iliyotumika kwa Manufaa ya Jamii: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kukabidhi Funguo

Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Katika ukanda wetu wa Shinyanga na Geita, moyo huo huonekana pale kampuni ya uchimbaji, mfanyabiashara wa mpunga au familia inayogawana mirathi inapoamua kutoa pikapu yake ya zamani kwa zahanati, shule, kijiji au kituo cha kulelea watoto. Hata hivyo, gari halifanani na gunia la mchele, ambalo likishapokewa shughuli imekwisha. Gari huendelea kumfuata aliyelitoa kwa njia ya kadi yake, na huendelea kumdai aliyelipokea kwa njia ya mafuta. Makala haya yanaeleza mambo manne ambayo mtoaji na mpokeaji wanapaswa kukubaliana kabla ya siku ya makabidhiano.

1. Mpokeaji ni nani kisheria?

Zahanati na shule ya Serikali hazina nafsi yake kisheria. Gari linalotolewa kwao hupokewa na Halmashauri, huingizwa katika rejista ya mali na kupewa namba za SM, yaani Serikali za Mitaa. Halmashauri ya Kijiji, kwa upande wake, ni chombo chenye uwezo wa kumiliki mali kwa jina lake. Iwapo mpokeaji ni shirika lisilo la kiserikali, mtoaji aombe kuona cheti cha usajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002. Afisa Maendeleo ya Jamii wa Halmashauri anaweza kumsaidia kuthibitisha usajili huo.

Gari lisikabidhiwe kwa jina la mganga mfawidhi, mwalimu mkuu, mchungaji au mwenyekiti. Mtu huhamishwa, hustaafu au hufariki, na mali iliyoandikwa kwa jina lake huweza kudaiwa na warithi wake ingawa kijiji kizima kinajua ilitolewa kwa ajili ya nani.

2. Karatasi zimekamilika?

Makabidhiano mbele ya mkutano wa hadhara hayabadilishi umiliki. Umiliki hubadilika pale jina linapobadilishwa katika kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Andaeni kadi halisi ya gari, hati ya zawadi iliyosainiwa mbele ya wakili, vitambulisho na namba za utambulisho wa mlipakodi za pande zote mbili. Ulizeni mapema ni ada na kodi zipi zinazohusika, kisha kubalianeni nani atazilipa.

Mtoaji asilichukulie jambo hili kuwa dogo. Faini za usalama barabarani husajiliwa kwa namba ya gari. Ajali ikitokea, mwenye jina katika kadi ndiye atakayetafutwa kwanza. Bima nayo ikatwe upya kwa jina la mmiliki mpya na kwa matumizi halisi ya gari.

Mambo mawili huwakwaza wengi. La kwanza ni gari la marehemu: anayeweza kulihamisha ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama ndugu wote wamekubaliana. La pili ni gari la mgodi au mradi lililoingizwa nchini kwa msamaha wa ushuru. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, gari hilo likihamishiwa kwa asiyestahili msamaha, ushuru huweza kudaiwa. Mpokeaji aulize swali hili kabla ya kushukuru.

3. Mafuta yatatoka wapi?

Tuchukue mfano. Zahanati iko kilomita 40 kutoka hospitali ya wilaya. Safari ya kwenda na kurudi ni kilomita 80. Pikapu kuukuu inayotumia lita moja kwa kilomita 8 itahitaji lita 10 kwa safari moja. Safari 10 kwa mwezi ni lita 100. Kwa mwendo huo, gari litatimiza kilomita 5,000 na kudai oili mpya baada ya takriban miezi sita. Matairi, betri na springi za gari lililokwisha kutumika katika barabara za vumbi za machimboni au tope la mbugani havijahesabiwa. Zidisheni lita hizo kwa bei ya dizeli ya mwezi huu, kisha Kamati ya Usimamizi wa Kituo au Serikali ya Kijiji iseme fedha hizo zitatoka katika fungu gani.

Kabla ya kupokea, gari lipimwe na mkaguzi wa magari wa Polisi au fundi asiye na maslahi. Chasi iliyoliwa na kutu, breki na usukani viangaliwe kwanza. Rangi inayong'aa isimpumbaze mtu.

Ikumbukwe pia kuwa pikapu ya mizigo si gari la wagonjwa. Inafaa kubeba dawa, chakula cha wanafunzi, matangi ya maji na vifaa vya ujenzi. Mama anayevuja damu hapaswi kulazwa katika bodi iliyo wazi.

4. Je, kuna njia iliyo bora zaidi?

Mkoa wa Shinyanga na Wilaya ya Sengerema ni miongoni mwa maeneo ya awali ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022. Simu hupigwa bila malipo kwa namba 115. Gari la wagonjwa lisipopatikana, huitwa dereva wa jamii aliyeingia makubaliano, naye hulipwa nauli yake kwa simu. Mwenye gari zima linalofaa kubeba abiria anaweza kuulizia namna ya kujiunga. Gari hubaki lake na matunzo hubaki mikononi mwake, huku mama akifikishwa hospitali.

Na kama gari limechoka, liuzwe na fedha zitolewe. Nchini Marekani, mashirika mengi ya hisani hufanya hivyo: magari yanayotolewa hupigwa mnada na fedha hutumika kwa huduma. Fedha hizo zinaweza kununua vitanda vya kujifungulia au madawati, vitu ambavyo havidai dizeli.

Mwananchi mwenye nia ya kutoa gari aanze kwa Mtendaji wa Kata au Afisa Maendeleo ya Jamii. Nayo jamii inayopewa gari isione haya kuuliza maswali haya manne, wala kukataa kwa heshima pale majibu yasiporidhisha. Gari lililosimama juu ya mawe nyuma ya zahanati halimfikishi mgonjwa popote, na aliyelitoa hatafurahi kuliona pale.