MAJI YA KUNYWA WAKATI WA BARIDI

Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi katika nchi ya juu ya Kenya. Huko Limuru, Kinangop na Molo ukungu hufunika mashamba asubuhi, na wakaao Nairobi nao hutafuta makoti yao. Siku hizo mtungi wa maji husahauliwa. Mtu hunywa kikombe kimoja cha chai, akaenda kazini, akarudi jioni, na ukimwuliza kama amekunywa maji atakujibu, "Kiu ya nini katika baridi hii?" Jibu hilo laelekea kuwa la haki, lakini si sahihi, na yafaa tueleze kwa nini.

Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji. Watu wengi hudhani ya kuwa maji hayo hupotea kwa jasho tu. Itazame pumzi yako alfajiri: ule mvuke mweupe utokao kinywani ni maji ya mwili wako. Hewa ya baridi haichukui unyevu mwingi, basi kila uivutapo mwili hauna budi kuipasha joto na kuitia maji, na utoapo pumzi maji yale huenda zake.

Tena mwili upatwapo na baridi, mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hujikaza ili joto lisipotee. Damu nyingi huelekea sehemu za ndani, na mwili hudhani ya kuwa una maji kupita kiasi. Hapo figo hufanya kazi ya kuyatoa. Ndiyo sababu mtu huenda haja ndogo mara nyingi wakati wa baridi ingawa hakunywa kitu. Kiu nayo hudanganyika vivyo hivyo. Wataalamu wa New Hampshire, Marekani, walieleza mwaka 2004 ya kuwa katika baridi kiu yaweza kupungua hata kwa asilimia 40.

Wanaodhurika zaidi ni wazee. Kiu ya mzee ni dhaifu hata wakati wa joto, na lipo jambo jingine ambalo kwa heshima hawapendi kulitaja: choo ki nje, njia ina giza na umande, na miguu haina nguvu. Kwa hiyo mzee huona heri asinywe. Baada ya siku chache kichwa chamwuma, choo kimekuwa kigumu, akisimama aona kizunguzungu, pengine huanguka au husema maneno yasiyoeleweka, na watu wa nyumbani husema ni uzee tu. Msimgombeze. Mpeni kinywaji kidogo kidogo tangu asubuhi hata alasiri, mpunguze karibu na kulala, na usiku wekeni ndoo yenye kifuniko karibu na kitanda chake.

Dalili iliyo rahisi kwa kila mtu ni rangi ya mkojo. Ukiwa wa manjano hafifu, ni vyema. Ukiwa mzito kama chai ya rangi, mwili wataka maji. Mwanamke huhitaji kadiri ya lita 2 kwa siku, na mwanamume lita 2 na nusu, pamoja na maji yaliyomo katika chakula. Si lazima yawe maji baridi, ambayo kweli hayapendezi asubuhi ya Julai. Maji ya moto, uji wa wimbi, maziwa na supu vyote vyahesabiwa. Chai pia, ingawa wako wasemao ya kuwa hukausha mwili; kwa vikombe vya kawaida sivyo. Pombe ndiyo hukausha, maana huzidisha mkojo. Mtoto mchanga asiyetimiza miezi 6 asipewe maji. Maziwa ya mama yamtosha. Na mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo amwulize daktari kwanza kiasi kimfaacho.

Wakaao milimani wakumbuke neno moja juu ya kuchemsha. Katika Kinangop, penye kimo cha meta 2,500 hivi, maji huchemka kabla ya kufikia joto la digrii 100. Huchemka karibu na 92. Kwa hiyo yakianza kutokota msiyaepue mara moja, bali yaacheni yatokote dakika 3, kisha yafunikeni katika chombo safi.