Chokaa katika Nyumba ya Mungu

Msafiri afikaye Jambiani, pwani ya kusini-mashariki ya Unguja, huona nyumba za zamani zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hiyo ni mawe yale yale yaliyochomwa moto, kisha yakamwagiwa maji. Ni kitu cha kawaida machoni petu. Lakini kwa chokaa mafundi wa Roma walipamba makanisa ambayo hata leo watu huyaingia wakanyamaza. Mtindo wao huitwa Baroko, na yafaa jamaa za Kikristo ziufahamu.

Mtindo huo ulianza mwishoni mwa karne ya 16, baada ya Mtaguso wa Trento kufungwa mwaka 1563. Mtaguso ulikuwa umethibitisha ya kwamba picha takatifu zafaa kuwafundisha waamini. Kwa hiyo wajenzi walitafuta jengo litakaloigusa hata roho ya mtu asiyejua kusoma. Kuta walizipinda kama mawimbi. Nguzo walizisokota, mfano wa zile nne za shaba alizozisimamisha Bernini penye altare kuu ya Mtakatifu Petro, kazi ya miaka 1624 hata 1633. Madirisha mengine waliyaficha, ili mwanga ushuke pasipo kuonekana utokako.

Ufundi wao mkubwa ulikuwa katika lipu. Chokaa ilichanganywa na unga wa marumaru, ikafinyangwa ingali laini, ikawa malaika, majani na mawingu. Kisha pengine ikabandikwa dhahabu nyembamba kuliko karatasi. Picha nazo zilichorwa juu ya lipu mbichi, na chokaa ilipokauka iliishika rangi. Katika kanisa la Wajesuiti liitwalo Gesù, Gaulli alichora dari, Raggi akafinyanga sanamu za lipu, hata jicho lisitambue picha ikomapo na sanamu ianzapo.

Mtindo huu ulivuka bahari hata Goa, Bara Hindi, mji alioufikia Mtakatifu Fransisko Ksaveri mwaka 1542 baada ya kupitia Malindi. Masalia yake yamo katika Basilika ya Bom Jesus, iliyowekwa wakfu mwaka 1605. Basi, katika miaka ya 1950 kuta zake za nje zilivuliwa lipu ya chokaa ili mawe yaonekane. Tangu hapo mvua imekuwa ikiyala mawe hayo. Kumbe lipu haikuwa pambo tu, ilikuwa vazi na kinga.

Hilo ni onyo kwetu. Kuta nyingi za matumbawe huzibwa siku hizi kwa saruji. Saruji ni ngumu, huuzuia unyevu usitoke, na ukuta huharibika ndani kwa ndani. Chokaa huuacha ukuta upumue.

Kwa hiyo halmashauri ya parokia itakayo kutengeneza kanisa la zamani iulize kwanza: ukuta huu ulijengwa kwa nini? Ikiwa ni chokaa, na utengenezwe kwa chokaa. Na mzazi mwenye kijana hodari wa mikono asione haya kumpeleka kwa fundi mzee wa kazi hiyo. Mawe ya matumbawe tutayapata. Lakini ufundi usiporithishwa huzikwa pamoja na mwenyewe, na Nyumba ya Mungu hubaki bila wa kuivika.