Tuseme Nini Juu ya Michezo ya Televisheni?



Siku hizi watu wakitoka kanisani na kusimama kidogo kivulini, mazungumzo hayakawii kufika kwenye michezo ya mfululizo ya televisheni, ambayo wengi sasa huiita tamthilia. Mmoja atauliza, "Jana mliona?" Mwingine atasema kwamba kwao umeme ulikatika, asimuliwe. Wa tatu atakuwa amekwisha kata hukumu: yule mke ni mbaya, yule kijana ni mjinga, yule baba angekuwa wangu ningehama.

Hatuoni ubaya wowote katika mazungumzo hayo. Watu wamesimuliana hadithi na kuwahukumu watu waliomo tangu enzi za bibi na babu zetu. Lakini sisi tuliokaa miaka mingi mbele ya ubao tumezoea kumwuliza mwanafunzi maswali mawili: unafikiri nini, na kwa nini unafikiri hivyo? Kwa hiyo tumeona yafaa somo letu safari hii liwe juu ya namna ya kutoa maoni kuhusu mchezo tuliouona. Jambo lenyewe laonekana dogo. Hata hivyo, tutaona kwamba maneno tunayoyasema mbele ya televisheni yaweza kutengeneza nyumba, na yaweza kuivunja.

1. Michezo hii ilivyotufikia

Kenya ilipata televisheni mwaka 1962. Zanzibar ilianza yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, nayo ilikuwa ya rangi tangu mwanzo. Sisi wa Tanzania Bara tulingoja mpaka mwaka 1994. Basi wengi wetu wenye umri wa miaka sitini na zaidi tulikuwa tayari watu wazima wenye watoto tulipoanza kutazama picha nyumbani. Kabla ya hapo tulikuwa watu wa redio.

Mwanzoni nyumba moja yenye televisheni ilikuwa ya mtaa mzima. Watoto walikaa mkekani, wazee vitini, na vijana dirishani. Siku hizi kila mtu aweza kutazama peke yake katika simu, wengine leo, wengine kesho kutwa. Hapo pana adabu mpya ya kujifunza: kabla ya kusimulia mwisho wa mchezo, tuulize kwanza kama mwenzetu ameuona. Kumwambia mtu mwisho wa hadithi ambayo bado anaifuata ni kumnyang'anya raha yake.

2. Kusimulia siko kutoa maoni

Tukimwuliza mtu, "Mchezo ule waonaje?" mara nyingi atajibu hivi: "Yule dada alikwenda kwa mganga, halafu mumewe akajua, halafu akamfukuza." Hayo ni masimulizi. Mwingine atajibu, "Ah, mzuri sana!" Hiyo ni sifa tu. Maoni hasa yana sehemu mbili, nazo zimeungwa kwa neno "kwa sababu".

Mtu akisema, "Sikupenda mwisho wake, kwa sababu yule mzee alikuwa mkali katika hadithi nzima, na ghafla siku moja akawa mpole bila kuonyeshwa kilichombadilisha," huyo ametupa maoni. Twaweza kukubaliana naye au kumpinga, maana ametuwekea kitu mezani. Asiye na "kwa sababu" ametuachia mambo mawili tu: kunyamaza au kugombana naye.

3. Mwigizaji siye yule anayemwigiza

Wapo wanaomchukia mwigizaji kwa sababu ya ubaya anaouigiza. Wazee watakumbuka mchezo wa Isidingo wa Afrika Kusini, ulioanza kwao mwaka 1998 na kwisha mwaka 2020, ambao na huku kwetu ulipata watazamaji wengi. Mlikuwa na tajiri mmoja mwenye hila, Barker Haines, aliyeigizwa na Robert Whitehead. Watazamaji walimlaani Barker kila jioni. Lakini kama tulimchukia kiasi hicho, basi Bwana Whitehead alikuwa ameifanya kazi yake vema. Chuki yetu ilikuwa ndiyo cheti chake.

Mfano mwingine watoka Kenya. Mzee Ojwang' wa mchezo wa Vitimbi alizungumza kwa lafudhi ya Kijaluo, na watu wengi waliamini kabisa kwamba ni Mjaluo. Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu. Alipofariki mwaka 2015, wengi walimlilia kwa jina la Ojwang'. Huo ni ushindi mkubwa kwa mwigizaji. Lakini kwetu sisi ni ukumbusho kwamba tunayemwona pale ni kazi ya mikono ya watu. Yupo aliyeandika maneno, yupo aliyeyasema, na katika michezo ya kigeni yupo pia aliyeyatia Kiswahili. Kwa hiyo tukisema, "Yule mwanamke ana kinywa kichafu," tuulize pia, kinywa hicho ni cha nani?

4. Tutafute sababu ya matendo

Hapa tuchukue mchezo wa Kituruki ulioletwa kwetu na Azam kwa sauti za Kiswahili, ukiitwa Sultan. Kwao Uturuki ulionyeshwa kati ya mwaka 2011 na 2014. Unasimulia habari za Sultani Suleiman, aliyetawala dola ya Waosmani kutoka mwaka 1520 hadi 1566, na za mke wake Hürrem, aliyeingia katika jumba la kifalme akiwa mtumwa.

Juu ya Hürrem, watazamaji waligawanyika. Wengine walisema ni mwanamke mwenye fitina asiyestahili huruma. Wengine walimsifu kwa ushujaa. Kabla ya kuchagua upande, yafaa tujue jambo moja la historia. Katika dola ile palikuwa na desturi kwamba mwana wa mfalme akishika kiti, aweza kuwaua ndugu zake ili wasije wakampinga. Suleiman alikuwa na mtoto mkubwa, Mustafa, aliyezaliwa na mama mwingine. Basi Hürrem alijua kwamba siku Mustafa akitawala, wanawe yeye huenda wasione jua la kesho. Mwishowe, mwaka 1553, Mustafa ndiye aliyeuawa, kwa amri ya baba yake mwenyewe.

Je, habari hiyo yaifanya fitina kuwa njema? La hasha. Lakini yatufundisha kutenganisha mambo mawili: kueleza kwa nini mtu alitenda jambo, na kusema kama alitenda vema. Mwenye kuruka la kwanza na kukimbilia la pili huhukumu kesi ambayo hakuisikiliza.

Tena tusidhani kwamba mabishano ya namna hii ni ya watu wadogo tu. Mwaka 2012 Recep Tayyip Erdoğan, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uturuki wakati ule, aliulaumu mchezo huo hadharani. Alisema Suleiman alikaa miaka 30 juu ya farasi vitani, wala hakuwa mtu wa kukaa ndani ya jumba kama anavyoonyeshwa. Hata hivyo mchezo uliendelea mpaka mwisho wake. Maoni yake yalikuwa na sababu, na sababu yake yaweza kupimwa: je, mchezo wa kuigiza wadaiwa ukweli wa historia, au wadaiwa hadithi nzuri? Hilo ni swali zuri la kuzungumza jioni nzima bila mtu kumtukana mwenziwe.

5. Ni nani anayetusikia?

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Mwaka 2011 TBC ilianza kuonyesha mchezo wa Kichina uliotiwa Kiswahili, Dou Dou na Mama Wakwe Zake, wenye sehemu 36. Dou Dou ni muuguzi, na mumewe Yu Wei ni mpiga picha. Wazazi wa Yu Wei walikuwa wameachana, na baba akaoa tena. Kwa hiyo msichana wa watu alijikuta ana mavyaa wawili, kila mmoja na mapenzi yake na madai yake. Mchezo huo ulipendwa hata Rais Xi Jinping wa China akautaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam, mwezi Machi mwaka 2013.

Kwa nini ulipendwa? Wengi wetu hatuijui Beijing, lakini mavyaa twamjua. Lugha yetu yenyewe ina hekima hapa. Mama wa mume ni mkwe, na mke wa mtoto naye ni mkwe. Neno moja latosha pande zote mbili, kana kwamba wazee walitaka kila mmoja ajione katika mwenziwe.

Tuchukue mfano wa nyumba yo yote ya kwetu. Televisheni inawaka, na mama mwenye nyumba anatazama pamoja na wageni wake. Katika mchezo, mke kijana anarudi kazini usiku na kukuta mavyaa amekwisha pika. Mama anasema kwa sauti, "Wanawake wa siku hizi! Kazi wanazijua, jiko hawalijui." Wageni wanacheka. Mlangoni amesimama mke wa mwanawe, ameshika sinia la chai, naye ndiyo kwanza ametoka kazini.

Je, mama alitoa maoni juu ya mchezo? Yeye ataapa kwamba ndiyo. Lakini mkaza mwana amesikia jina lake, ingawa halikutajwa. Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Na kama mama alikusudia asikike, jambo ni baya zaidi, maana amerusha jiwe na kuuficha mkono nyuma ya televisheni. Mkaza mwana hawezi kujibu, akijibu ataambiwa, "Mbona wajishuku? Tulikuwa tukisema ya mchezo." Maneno ya namna hii yakirudiwa kila jioni, siku moja kijana atahama na mkewe, na mama atabaki akishangaa walihamia nini.

Silaha hii inatumika pande zote. Mkaza mwana naye aweza kumcheka mavyaa wa kwenye mchezo, tena kwa kicheko kirefu, ili yule wa nyumbani asikie. Baba aweza kuwasema vijana walevi wa hadithini huku amemkazia macho mwanawe. Ubaya ni ule ule: anayesemwa hana nafasi ya kujitetea.

Lakini mlango huu ambao watu hupitishia mishale waweza pia kupitisha heri. Tuseme yule mama, badala ya kukata hukumu, alimgeukia mkwewe akasema, "Karibu ukae, mwanangu. Hebu mtazame huyu dada. Wewe ungekuwa mahali pake ungefanyaje?"

Huenda binti atajibu, "Mama, mimi ningemwuliza mavyaa chakula kikichelewa anaumia kwa kitu gani. Labda ana dawa za kumeza kwa saa. Kama ndivyo, ningepika asubuhi nikamwachia."

Na mama aweza kusema, "Hata huyu mavyaa angemwambia tu binti, badala ya kupika huku amenuna."

Angalieni lililotokea hapo. Hakuna aliyelaumiwa, wala aliyeomba radhi. Walizungumza juu ya watu wa kwenye mchezo, na jambo la nyumba yao likapata dawa. Mtu ambaye hawezi kusema "naumia" aweza kusema "yule dada anaumia". Tukimsikiliza kwa makini, tutajua anasema habari za nani. Hiyo ndiyo faida kubwa ya hadithi, nayo hupotea pale tunapokimbilia kuhukumu.

Hatusemi kwamba maoni yawe matamu siku zote. Mchezo ukiwa umetungwa ovyo, tuseme hivyo na tutoe sababu. Ukimsifu mume anayempiga mkewe, tuukatae waziwazi, hasa watoto wakiwapo, maana ukimya wetu wataufahamu kuwa ni kibali. Tunachosema ni hiki: kabla ya kufungua kinywa, tutazame ni nani aliyekaa karibu nasi. Wale wa kwenye kioo hawatusikii. Huyu wa kando yetu anatusikia.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi

(a) Taja mchezo mmoja ulioufuata karibuni, uwe Jua Kali au mwingine wo wote. Toa maoni yako kwa sentensi moja yenye neno "kwa sababu".

(b) Mchague mtu mmoja katika mchezo huo ambaye kila mtu anamchukia. Eleza kwanza kwa nini alitenda aliyoyatenda. Kisha useme kama alitenda vema.

(c) Je, umewahi kusikia maneno juu ya mchezo ukahisi kwamba ni wewe unayesemwa? Msemaji angetumia maneno gani ili uweze kumjibu kwa amani?

(d) Mchezo unaosimulia mambo ya kale, kama Sultan, wadaiwa ukweli kiasi gani?

Tena kuna zoezi moja la kufanya nyumbani. Juma hili, mchezo ukiisha, mkubwa wa nyumba asiwe wa kwanza kusema. Amwulize kwanza yule ambaye kwa kawaida haulizwi: mkaza mwana, mtoto wa darasa la tano, au binti anayesaidia kazi. Asikilize jibu mpaka mwisho bila kulikatiza, kisha ndipo aseme la kwake.