Mpanda hadi Karema kwa Miguu: Vidokezo kwa Hujaji

Hija ya miguu imepata nguvu mpya. Njia za Santiago de Compostela, Hispania, zilipokea mahujaji karibu 500,000 mwaka 2024. Huku kwetu, tarehe 3 Juni inapokaribia, waumini hushika njia kwenda Namugongo, Uganda, na wengine huanza safari hiyo Kenya. Sisi wa Katavi tunayo Karema, na inastahili miguu yetu.

1. Jifunze kwanza habari za Karema. Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika, wale mapadri wa kanzu nyeupe, walikabidhiwa ngome ya Wabelgiji kando ya Ziwa Tanganyika, wakaigeuza misheni. Mwaka 1889 akafika Adrien Atiman, kijana wa Afrika Magharibi aliyetekwa utotoni akauzwa utumwani, akakombolewa, kisha akasomea uganga huko Malta. Akawa daktari na katekista wa watu wa ziwani hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Mtu aliyeuzwa kama bidhaa alitumia maisha yake kuponya wengine. Simulizi hiyo itoleeni tafakari ya jioni ya kwanza, vijana waisikie wakiwa bado na nguvu.

2. Mwone paroko mapema. Yeye ndiye atakayewaandikia makatekista wa vigango vya njiani, mpate pa kulala na pa kupikia. Toeni taarifa pia kwa serikali za vijiji. Kundi la wageni linaloingia magharibi bila taarifa huzua maswali.

3. Nendeni kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Mvua zikianza Novemba, tope litawachosha kabla ya mwendo.

4. Gaweni safari. Kutoka Mpanda kupitia Kagwira na Ikola ni zaidi ya kilomita 100. Kilomita 25 kwa siku zinatosha kundi lenye wazee na watoto. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri, mpumzike saa tano jua likipamba moto, mmalizie jioni. Wa mbele na wa nyuma wavae vizibao vinavyong'aa, maana malori na bodaboda hayasubiri rozari iishe.

5. Tunza miguu kuliko kitu kingine. Raba mpya ni adui; vaa zile ulizozizoea, na soksi safi kila siku. Ukihisi mahali panaunguza, simama papo hapo, ubandike plasta. Anayeona aibu kusimamisha kundi kwa dakika tano ndiye atakayepakiwa kwenye gari kesho yake. Mwezi mmoja kabla, tembea kila Jumamosi, ukiongeza umbali kidogo kidogo. Ndala zibaki za jioni.

6. Kila mtu abebe maji lita tatu. Ya kisimani yachemshwe au yatiwe dawa. Chumvi na sukari zisikosekane kwa anayeishiwa nguvu, na chandarua ni lazima, kwani malaria ipo.

7. Mnaotoka Sumbawanga, msithubutu kukatiza Hifadhi ya Katavi kwa miguu. Kuna simba, nyati, tembo na viboko, na ndani ya hifadhi hakuna kutembea bila askari mwenye silaha. Kipande hicho pandeni basi hadi Mpanda, mwanzie hapo. Hija yenu haitapungua thamani.

8. Mkifika, msikimbilie picha. Ungameni, msali Misa, kisha mkaoge ziwani pale wenyeji watakapowaonyesha kuwa ni salama. Ugali na migebuka vitafuata. Kurudi, kodini gari.

9. Mkirejea, mpeni paroko orodha ya vituo mlivyolala, umbali wa kila siku na visima vyenye maji. Mwakani kundi jingine litaihitaji.